Siku Mama Aliposugua Vibati vya Haidrojeni

Simu ya kuniambia kwamba watu wa ruzuku wangekuja Ruiru kuona mashine yangu ilinikuta nimelala chini ya meza dukani, nikitafuta skrubu ya inveta ya mteja. Nilijibu "sawa" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilipotoka chini ya meza nilikuwa nimeshaanza kuona kila kitakachoharibika.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Nikitaka kumtumia mtu ujumbe wa heri ya kuzaliwa, naufuta na kuuandika upya mpaka siku yake inapita. Sikusomea chuo. Umeme nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa katika duka la sola ninakofanya kazi, na kemia nikaisoma kwenye simu, sura hii leo, ile kesho, bila mpangilio, kama mtu anayekula githeri akichagua maharagwe kwanza, mahindi baadaye. Kwa hiyo najua mambo magumu kadhaa, sijui mepesi mengi, na mbaya zaidi sijui ni yapi nisiyoyajua. Hofu hiyo huamka nami kila asubuhi.

Haidrojeni iliniingia kichwani nikiwa Ngoliba. Nilikuwa nimetumwa kutengeneza inveta kwa mkulima wa nyanya, kule kwenye ukavu ambako hakuna anayeomba jua. Saa saba mchana betri zake zilikuwa zimejaa na paneli zikiendelea kuota jua bure. Akaniuliza, "Fundi, sasa hii inayozidi inaenda wapi?"

Nikamwambia haiendi popote, inaachwa tu.

"Inaachwa? Na mimi usiku nawasha koroboi?"

Swali lisilo na jibu zuri huniwasha kama upupu. Niliporudi nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba umeme unaozidi unaweza kupasua maji ukatoa haidrojeni, ukaihifadhi, na jua likitua ukaipitisha kwenye kifaa kinachoitwa seli ya fueli. Humo inaungana na hewa, inakurudishia umeme, na kinachobaki ni matone ya maji safi. Nilisoma sentensi hiyo nikairudia. Unaanza na maji, unamaliza na maji, na katikati unapata taa. Nilikasirika kidogo kwamba nimefika umri huu bila mtu kunidokeza.

Ninaishi na Mama katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya mwisho, na juu yetu ni paa la kuanikia nguo. Nyuma ya matangi ya maji keateka, yule anayeitunza ploti, aliniruhusu niweke meza, lakini baada ya mahojiano.

"Hiyo gesi yako inalipuka?"

"Ukiifungia ndani, ndiyo. Hapa juu inapanda tu, inaenda zake."

"Ngai! Kwa hiyo ukikosea, ploti yote inakuwa nyama choma. Hatutahitaji hata kwenda kuila Kamakis." Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Wacha iwe ndogo lakini."

Ikawa ndogo. Kopo la plastiki la kubebea chakula cha mchana, ndani yake vibati viwili vya nikeli vimesimama katika maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, niliyotia potashi kali, aina inayochoma ngozi. Ukiwasha umeme, vipovu vinaanza kupanda, laini kama vya soda iliyofunguliwa polepole. Mrija mmoja unapeleka haidrojeni kwenye seli ya fueli niliyonunua ikiwa tayari, isiyozidi kiberiti, na seli inazungusha feni ya kompyuta kuukuu. Mara ya kwanza feni ile ilipozunguka nilikaa chini kwenye saruji. Haikuwa imeunganishwa na betri wala soketi. Ilizungushwa na maji yaliyokuwa yamepasuliwa na sasa yanaungana tena.

Kazi yangu hasa ilikuwa kwenye vile vibati. Kupasua maji kunadai volti kadhaa, na kadiri vibati vinavyokuwa vivivu ndivyo volti zinavyopanda na umeme unavyopotea kuwa joto. Ni kama kusukuma mkokoteni: mzigo ni uleule, lakini gurudumu likiwa bovu unatoka jasho zaidi. Vibati vyangu vilikuwa vimefanya kazi miezi mingi hadi vikageuka vyeusi, na mimi niliupenda weusi ule. Niliamini ndio uliovifanya vitulie, kwa sababu mita ilisoma volti mbili na nukta moja leo, kesho na keshokutwa. Kwa mtu kama mimi, kitu kinachosema neno lilelile kila siku ni rafiki.

Nilikuwa nimesikia kwamba serikali ilikuwa imetenga ruzuku za utafiti wa hatua ya awali, haidrojeni na seli za fueli zikiwemo. Haikuwa ya viwanda wala ya kampuni, ilikuwa ya watu wenye wazo ambalo bado halijasimama. Nikipata, ningeruhusiwa kutumia maabara ya chuo kilicho upande wa Thika, yenye vipimo ambavyo duka la sola haliwezi kuviota, na ningepunguza siku za dukani. Nikikosa, ningebaki na kichezeo cha paani hadi mwenye ploti atakapotaka pembe yake. Nilivitaka vipimo vile mno.

Kwa hiyo nilipoandika ombi, nililing'arisha. Kila mahali palipokuwa na "labda" nikapafuta. Kila "nadhani" nikaifanya "imethibitika". Nilipomaliza halikuwa na ufa hata mmoja. Volti mbili na nukta moja, niliandika, kana kwamba nimezichonga kwenye jiwe.

Watu wa ruzuku walikuja Jumamosi asubuhi. Tangu alfajiri nilikuwa nimevitoa vibati kwenye potashi, nikavisuuza kwa maji ya betri hadi visichome mtu, nikavilaza juu ya kitambaa cheupe ili niviunganishe mbele ya wageni, waone kila hatua. Nikapanga spana kwa ukubwa. Nikazipanga tena. Kisha wakapiga simu kwamba wamepotea, wako upande wa stesheni ya reli, nami nikashuka kuwachukua.

Hapa lazima nimweleze Mama. Alitoka Vihiga akiwa msichana kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo Thika, na vitu viwili hakuviacha nyuma: nyimbo za kanisa na imani kwamba mgeni huisoma nyumba kwenye sufuria. Kwao sufuria hupangwa ukutani zikiangalia mlango, na mgeni asipojiona usoni mwa sufuria, basi mwenye nyumba amejiaibisha. Jikoni kwetu kuna sufuria ambazo hazijawahi kuonja moto. Ni za kung'aa tu.

Niliporudi na wageni, alikuwa amesimama paani kando ya meza yangu, leso mpya kiunoni, uso umejaa furaha ya siri. Nikatazama kitambaa cheupe.

Vibati viling'aa kama vioo.

"Nimekusaidia, baba," alininong'oneza. "Wageni wa serikali wakute vyombo vyeusi namna ile, watasemaje? Vilikuwa na masizi magumu hayo! Lakini vimeniona."

Kando yake, kwenye beseni, palikuwa na waya wa kusugulia sufuria, ule laini unaoacha kutu kwenye sinki, umechakaa kabisa.

Sijui niliyatia wapi mayowe yangu. Naamini bado yako mahali fulani mwilini. Mbele ya wageni huwezi kumfokea mama yako, na hata wasingekuwepo, angenitazama tu na ningenywea. Nikasema, "Asante, Mama." Miezi yangu yote ilikuwa imeshuka na maji kwenye mfereji wa paa.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja injinia, mama wa makamo mwenye nywele fupi na viatu vya kutembea kwelikweli, na mwingine kijana wa ofisini aliyebeba tableti na kuogopa kukaribia kopo. Hawakuonyeshwa chochote kwanza. Mama aliwaketisha kwenye ndoo zilizofunikwa vitambaa, akawaletea chai na viazi vitamu, halafu akaomba. Aliomba vizuri na kwa kirefu. Akaiombea serikali, barabara waliyopitia, mikono yangu, "na haya maji yanayochemka bila moto, Bwana, wewe ndiye unayejua yanataka nini." Injinia akasema amina kwa sauti. Mimi macho nilikuwa nimefumba nikihesabu mambo ya kusema iwapo feni itakataa kuzunguka.

Nikaviunganisha. Nati ikaniponyoka mara mbili. Nikawasha.

Vipovu vikaja. Vingi. Feni ikazunguka. Nikainama kusoma mita. Ilisoma chini ya mbili. Gesi ileile, mkondo uleule wa umeme, kwa volti chache kuliko nilizopata maisha yangu yote.

Mtu mwingine angeruka. Mimi nilichokiona ni kwamba mita haifanani na karatasi. Nilikuwa nimewaandikia watu wa serikali mbili na nukta moja, na sasa mashine inanikana mbele yao. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongezea mkondo, ili nisukume hadi mita isome kile nilichoandika.

"Unafanya nini, kijana?" Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Narekebisha, madam."

"Kumeharibika?"

"Haifanani na nilivyoandika."

Akainama, akasoma mita, akaangalia tableti ya mwenzake. "Uliandika mbili na nukta moja. Hapa iko chini. Chini si ndiyo nzuri?"

"Ndiyo."

"Sasa unaongeza ili iwe mbaya?"

Kidole kilibaki kwenye kitufe. Masikio yalikuwa yamewaka moto.

"Jamani," akamwambia mwenzake, "hii kazi nimeona watu wakipika namba ziwe nzuri. Huyu ndiye wa kwanza kupika nzuri iwe mbaya." Yule kijana akacheka, na kwa mshangao wangu mimi pia nikacheka, kicheko kilichotoka kama kikohozi. Nikauondoa mkono.

"Nini kimebadilika tangu uandike?" akauliza.

"Hakuna," nikasema, kwa sababu nilikuwa bado namlinda mtu.

Mama akaweka chini birika. "Kwani nimeharibu? Mimi nilisugua tu."

Injinia akamgeukia, feni ikizunguka.

"Ulisugua na nini, Mama?"

"Waya wa sufuria, na nini tena? Ningesugua na ulimi?"

Injinia akalichukua lile beseni, akautoa waya, akaugeuzageuza. Uso wake ulibadilika. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni. Akaniuliza kama nimewahi kusoma chochote kuhusu chuma na nikeli. Nikasema hapana. Akaniambia kwamba watu wa fani hii wanajua kitambo kuwa chuma kidogo tu, kikigusana na nikeli ndani ya potashi, kinaiamsha nikeli kwenye kile kibati kinachotoa oksijeni. Waya wa Mama ni chuma. Huenda aliacha chembe zake pale alipokuwa akisugua.

Kitambo. Neno hilo liliniingia kama mwiba. Kitu kilichojulikana kitambo, na mimi mwenye kujiita mtafiti sikukijua. Nilitamani sakafu ya paa ifunguke niangukie sebuleni kwa jirani.

"Sasa niambie," injinia akaendelea, "ni chuma, au ni mikwaruzo tu? Kibati kikikwaruzwa uso wake unaongezeka pia, na gesi hutoka kirahisi."

"Sijui."

"Itakaa hivi, ama wiki ijayo imerudi pale pale?"

"Sijui."

"Na kibati cha upande wa haidrojeni, nacho chuma kinakisaidia au kinakiumiza?"

"Sijui, madam." Kila "sijui" ilikuwa kama kuvua nguo moja mbele ya watu.

Akamgeukia mwenzake. "Umeandika hizo tatu?" Kisha kwangu: "Ombi lako nililisoma mara mbili nikitafuta swali. Halina. Nikajiuliza, kama huyu anajua yote haya, sisi tunalipia nini? Hii ni pesa ya hatua ya awali, kijana. Kilichokwisha kina pesa yake kwingine."

Nikamuuliza kama basi nimekosa. Nilitaka kujua haraka, ili niumie nimalize.

"Sijasema. Kamati inakaa hivi karibuni. Kitu kilichotokea mara moja ni bahati, siwezi kupeleka bahati kwenye kamati. Irudie kwa vibati vipya. Ikirudi, nipigie. Ikikataa kabisa, na hiyo pia ni jibu, lakini sitakuwa na kitu cha kukutetea nacho mbele yao."

Walipoondoka Mama alikaa kwenye ndoo aliyoachiwa na injinia. "Nimekuharibia, baba?"

"Sijui, Mama," nikasema, na tukaangaliana.

Nikaagiza vibati vipya, nikavisugua mwenyewe baada ya kazi. Nilivisugua kwa mpango: mistari kwenda, mistari kurudi, nguvu sawa, glavu mikononi. Kisha, kwa kuwa siwezi kuacha kitu kikiwa kichafu, nikaviosha kwa asidi nyepesi ili pasibaki vumbi la aina yoyote, nikavisuuza kwa maji ya betri, nikavikausha kwa kitambaa kipya. Vilikuwa vibati safi kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nikawasha.

Mbili na nukta moja, na hata kidogo juu yake.

Nikarudia na vingine. Hali ileile. Nikakaa pale kati ya mashuka ya majirani nikaona kamati inakaa bila mimi. Keateka alipopanda kuangalia matangi aliniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia kitu alichofanya Mama nashindwa kukifanya.

"Wee, hata chapati za mama yako huwezi," akasema. "Umemuuliza anafanyaje?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimechukua tendo lake nikalisafisha kabla ya kuliangalia. Nikashuka nikamwomba apande, akapanda akitweta na kunitania. "Leo profesa anataka mwalimu wa sufuria? Lete kiti." Nikampa kibati kipya na waya mpya, nikasimama tu kutazama. Alisugua akiimba, kwa duara, bila nguvu ya maana, akasimama kusalimiana na jirani aliyekuja kuanua nguo, akaendelea. Kisha akakimiminia maji ya mfereji kutoka bombani, akakipunga mara moja hewani, akakilaza juani. Basi. Nilingoja hatua nyingine.

"Huoshi tena?" nikauliza.

"Kimeng'aa. Nikioshe nini?"

Nikakichukua na kukiinamia. Kwenye pembe, jua lilipokiangukia kwa mshazari, paliota rangi hafifu ya kutu, kama chai iliyokauka. Kile nilichokuwa nikikiondoa kwa asidi yangu. Nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu sasa nilikuwa na vibati vya aina mbili: vilivyokwaruzwa vikabaki na chuma, na vilivyokwaruzwa vikaoshwa chuma chote. Kama ni mikwaruzo, vyote vingekuwa sawa. Nilipovijaribu, havikuwa sawa. Kibati cha Mama kilishuka chini ya mbili, na cha pili alichosugua, na cha tatu, ingawa kila kimoja kwa kiasi chake. Havikulingana. Kwa mara ya kwanza kutolingana hakukunichoma. Nilitaka tu kujua kwa nini.

Nilimpigia injinia nikiwa nimesimama. Nilimweleza yote haraka haraka, na vile nilivyoshindwa pia, kwani niliogopa kwamba nikipumzika nitaanza kuyapamba.

"Na vile vilivyokataa umetupa?" akauliza.

"Hapana. Ninavyo."

"Usitupe. Hivyo ndivyo nitawaonyesha kwanza."

Akaniambia niandike ombi upya, kurasa chache, nianze na nisiyoyajua. Niliandika jioni moja na sikulisoma tena kabla ya kulituma. Nilipobonyeza nilijiona kama nimetoka nje bila shati.

Kamati ilikubali. Ruzuku ilikuwa ndogo kuliko niliyoomba mwanzoni, ya hatua ya awali tu, pamoja na ruhusa ya maabara. Nilimwambia Mama akiwa anachambua mboga za managu sebuleni.

"Kwa hiyo serikali inakulipa kwa kile unachojua," akasema, akitikisa kichwa kwa fahari.

"Hapana. Inanilipa kwa sababu sijui."

Akaacha kuchambua. "Haki? Kuna pesa ya hivyo?" Akafikiri kidogo. "Na hukuniambia mapema? Mimi mambo nisiyoyajua yanajaa lori!"

Siku hizi naenda maabara ya Thika mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza fundi wa huko alikiweka kibati kimoja cha Mama chini ya mashine inayotambua kilicho usoni mwa kibati, tukangoja mbele ya skrini. Chuma kilikuwepo, kama injinia alivyokisia. Lakini hakikutawanyika sawasawa. Kilikuwa kimejikusanya visiwavisiwa, na katikati ya visiwa palikuwa na alama ndogo ya kitu kingine ambacho si chuma wala nikeli. Fundi alinionyesha kwa kalamu. Nikamuuliza ni nini.

"Mimi ningekuuliza wewe," akasema.

Labda ni maji ya mfereji wa Ruiru. Labda ni sabuni iliyobaki mikononi mwa Mama, au ni kitu kilicho ndani ya waya wenyewe. Nimeomba kibati cha pili kiwekwe, tuone kama alama ile ipo.